Chora Mishale Kwanza: Ushauri kwa Anayeanza Mekanika

Wanafunzi wa kidato cha tano ninaowafundisha tuisheni hapa Tanga huja na madaftari yaliyojaa maswali ya mekanika (tawi la fizikia linalohusu kani na mwendo) waliyokwisha kuyakokotoa, lakini swali likigeuzwa kidogo tu wanakwama. Ninachowashauri, kwa kuwa ndicho kilichonifungulia somo hili nilipokuwa mwanafunzi, ni kukaa na swali moja na kulihoji kila upande kabla ya kukimbilia jingine.

Tuseme robota la katani la kilo 250 limewekwa juu ya ubao ulioegemezwa kwenye lori kwa pembe ya digrii 30, na kizigeu cha msuguano, yaani namba ya kuzidisha kani ya ubao ili kupata msuguano mkubwa kabisa, ni 0.4. Kabla ya kugusa fomula yoyote, chora robota peke yake pamoja na kani zinazolihusu, kila kani kwa mshale wake: uzito unaoelekea chini moja kwa moja, kani ya ubao iliyo pembe mraba na uso wa ubao, na msuguano. Hapo kwenye msuguano ndipo wengi hupotea, kwa sababu huuchorea upande mmoja siku zote, ilhali kazi yake ni kupinga kuteleza: robota likitaka kushuka, msuguano huelekea juu, ukilisukuma lipande, hugeuka ukaelekea chini.

Ukichukua mchapuko wa mvutano wa dunia kuwa mita 9.8 kwa sekunde mraba, sehemu ya uzito inayolishusha robota ni nyutoni 1,225, na msuguano hauwezi kuzidi takriban nyutoni 849. Likiachwa, basi, litateleza. Anayelisukuma sambamba na ubao atahitaji angalau nyutoni 376 kulizuia, lakini nyutoni 2,074 kulipandisha kwa kasi isiyobadilika. Tofauti yote hiyo imeletwa na mshale mmoja!

Kisha lipime jibu lako. Fomula ya kulipandisha robota ni uzito mara saini ya pembe, jumlisha 0.4 mara uzito mara kosaini ya pembe. Pembe ikiwa sifuri, fomula hiyo ibakize msuguano tu, nyutoni 980. Ikiwa digrii 90, itoe uzito mzima, nyutoni 2,450. Isipofanya hivyo, aghalabu saini na kosaini zimebadilishana nafasi, na kosa hilo utaligundua mwenyewe hata katika chumba cha mtihani, ambako hakuna wa kumuuliza.

Vizio viandikwe kila mstari, bila uvivu. Baada ya wiki moja, lirudie swali lile lile kwenye karatasi tupu, na ukiweza kuiweka mishale yote bila kuchungulia daftari, ndipo uongeze kamba, kapi na robota la pili linaloning'inia.