Kiongozi asiyepigiwa kura na wananchi ana uhalali? Jibu langu (refu kidogo, nivumilieni)

Assalaam aleikum wana jukwaa. Kuna ndugu kauliza juzi, kiongozi anayeletwa na chama tu bila wananchi kumpigia kura ana uhalali gani wa kututawala, na huu mtindo wetu wa kupiga kura una haki ndani yake au hauna, akatoa na mfano wa Waingereza wanaobadilisha mawaziri wakuu bila uchaguzi. Wengi waliomjibu wamesema "katiba inaruhusu" wakafunga mjadala. Mie sikuridhika, mana nimekaa ndani ya mambo haya, nimekuwa katibu wa tawi huku Pemba, nimekuwa wakala kituoni, na kura za ndani ya chama nimezihesabu kwa mikono yangu. Chama sikitaji, kwa hiyo msinisumbue kwa hilo.

Katiba kuruhusu sawa, lakini mie kipimo changu siku zote ni suali moja: nani alikuwa na uwezo wa kumkataa mtu huyu, na alipomkataa ilisikilizwa? Ukishika hilo mambo mengi yanajionesha wenyewe.

Nianze na hao Waingereza. Kule mwananchi hampigii kura waziri mkuu, anampigia mbunge wa jimboni kwake, na chama chenye wabunge wa kutosha ndo kinamtoa. Gordon Brown 2007 aliingia bila mpinzani ndani ya Labour na uchaguzi mkuu haukuja mpaka 2010. Mwaka 2022 Boris Johnson alipojiuzulu, wanachama wa Conservative kama 170,000 hivi wakapewa kura, Liz Truss akapata 81,326, akakaa siku 49, halafu Oktoba Rishi Sunak akapita bila kupingwa hata hao wanachama hawakuulizwa. Kwa kipimo changu Truss alikuwa na uhalali mdogo na Sunak mdogo zaidi, ingawa sheria zote zilifuatwa. Kilichowaokoa wenzetu ni kuwa tarehe ya mwisho ya uchaguzi ilikuwa inajulikana, na 2024 ilipofika wananchi wakamkataa Sunak na chama chake wakatoka.

Watu wanapenda kumuweka Rais Samia kwenye kapu hilo hilo, mie nakataa. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura pamoja na la Magufuli, 2015 na 2020, kama mgombea mwenza, na ibara ya 37 inasema wazi Rais akifariki Makamo anaapishwa kumalizia kipindi. Aliyepiga kura 2020 alijua au alipaswa kujua kuwa anachagua watu wawili. Na katiba ikaweka na kikomo, akimalizia miaka mitatu au zaidi ya mwenzake anaruhusiwa kugombea mara moja tu. Unaweza kuwa na malalamiko yako juu ya uchaguzi wenyewe wa 2020, hilo jengine, lakini hakuokotwa chumbani.

Tatizo letu kubwa liko kabla ya siku ya kupiga kura, na hapa naomba mnisikilize.

Kuna mwaka tulifanya kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea wa Baraza la Wawakilishi, kwenye darasa la skuli ya msingi. Wajumbe wamejaa kwenye yale madawati ya watoto, kina mama upande mmoja na mabuibui yao, wazee mbele, umeme umekatika tunahesabu kwa taa za simu, mie nasoma jina karatasi moja moja naionesha juu kila mtu aione, mwenzangu anachora vijiti ubaoni kwa chaki, vitano vitano. Wa kwanza alikuwa mwalimu, mtu wa pale pale, akawaacha wenzake mbali. Wa pili mtu wa biashara ya karafuu. Wa tatu hakai hata jimboni, tunamuona sikukuu kwa sikukuu, vijiti vyake havikujaza hata mstari. Tukaandika, tukasaini, tukapeleka juu. Zikapita wiki, jina likarudi. La wa tatu! Bila barua, bila sababu, tukaambiwa vikao vya juu vimeona hivyo. Mama mmoja mjumbe alikuja mpaka kwangu akaniuliza, "Katibu, sasa siye mlituitia nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, na suali lake ndo lilinifanya nianze kuyafikiri mambo haya kwa uzito.

Na siku ya uchaguzi ilipofika watu wa pale walimpigia kura huyo huyo, kwa sababu wangefanya nini? Wahamie chama wasichokitaka? Huku kwetu mgombea binafsi haruhusiwi, lazima upitie chama. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania hilo miaka na miaka, Mahakama ya Rufani ikamkatalia 2010, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi Juni 2013, na mpaka leo mlango haujafunguliwa. Kwa hiyo chama ndo kimeshika ufunguo, na watu wachache waliokaa kwenye kikao cha uteuzi wana nguvu kuliko jimbo zima. Angalia na urais wa Zanzibar kwa CCM, Julai 2020 walichukua fomu watu zaidi ya 30, yakabaki majina matatu, na Halmashauri Kuu pale Dodoma ikampa Dk. Hussein Mwinyi kura 129, Khalid Salum 19 na Nahodha 16. Ni kura, sikatai, na ilihesabiwa hadharani, lakini ni watu 164 na wengi wao si wapiga kura wa Zanzibar. Mwaka 2000 wazee wanakumbuka, kikao cha huku visiwani kilimuweka mbele Dk. Bilal, Dodoma ikampitisha Amani Karume. Januari 2025 hata fomu hazikutolewa, mkutano mkuu wa CCM ukapitisha majina ya wagombea urais moja kwa moja. Kila chama kina utaratibu wake na mie sisemi wamevunja kitu, nasema uwezo wa kukataa unazidi kupungua.

Sasa haki ya mtindo wenyewe. Tumerithi kwa Muingereza ule mtindo wa anayeongoza jimboni anachukua, hata kwa kura moja, na waliompigia mwengine ndo basi. Na hilo la kura moja si maneno tu, Januari 1961 jimbo la Chake Chake chama cha Afro-Shirazi (ASP) kililichukua kwa tofauti ya kura moja. Matokeo Zanzibar nzima yakawa ASP viti 10, ZNP (Hizbu) 9, na chama kidogo cha ZPPP 3, wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, ikawa 11 kwa 11 hakuna serikali, Juni ikarudiwa na watu 68 wakafa kwenye fujo. Halafu Julai 1963, huu ndo mfano ambao kila kijana wa Kizanzibari angeusoma mwenyewe: ASP ilipata asilimia 54 ya kura zote ikapewa viti 13, ZNP na asilimia kama 30 ikapata 12, ZPPP na asilimia 16 ikapata 6. Kura za ASP zilikuwa zimelundikana Ng'ambo na mashamba ya Unguja inashinda kwa maelfu kule, wenzao wanashinda kwa kidogo kidogo majimbo mengi. Wakaungana wakawa 18, na Waziri Mkuu akawa Mohammed Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote vitatu. Uhuru Disemba 10, na Januari 12 1964 serikali ile ikawa haipo. Sababu za Mapinduzi ni nyingi na watu wanagombana juu yake mpaka leo, siingii huko, lakini zaidi ya nusu ya wapiga kura waliambiwa wameshindwa na hesabu iliyofuata sheria barabara. Msidhani huo ni ushamba wetu wa zamani, Uingereza 2024 Labour kwa asilimia 33.7 ya kura imechukua viti 411 kati ya 650, na Reform kwa asilimia 14 ikapata viti 5 wakati Liberal Democrats kwa asilimia 12 wana 72.

Kuna waliosema suluhisho ni uwiano wa kura, chama kipate viti kwa kadiri ya asilimia yake, kama Afrika Kusini, 2024 ANC ilipata asilimia 40 ikapata viti 159 katika 400, yaani kila kura imehesabika. Mie naupenda kwa hilo, lakini kumbukeni kule viti vinatoka kwenye listi na listi inapangwa na chama, kwa hiyo lile darasa langu lenye vijiti vya chaki linazidi kupoteza nguvu. Utapata hesabu ya haki na watu usiowachagua. Ukinilazimisha ningechanganya, nusu majimbo nusu uwiano, na listi ipigiwe kura na wanachama.

Siye Wazanzibari tulifanya kitu chengine ambacho wengi hawakipi heshima yake. 1995 kwenye urais wa Zanzibar Salmin Amour wa CCM kura 165,271, Maalim Seif wa CUF 163,706, tofauti haifiki hata 1,600, na CUF ilibeba majimbo yote 21 ya Pemba. Wakapata nini serikalini? Hawakupata kitu. Kisiwa kizima kikawa nje, na tuliokuwa tunaishi huku tunajua miaka ile ilikuwaje, majirani hawazikani, hawaalikani harusini, mpaka tukafika Januari 2001 watu wakauliwa. 2010 tofauti ilikuwa ndogo vile vile, Dk. Shein 179,809 na Maalim 176,338, lakini safari hii usiku ule watu walilala, kwa sababu Julai wananchi wote tulikuwa tumepiga kura ya maoni na asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Namna ya kuhesabu kura haikuguswa, kilichobadilika ni anachopata wa pili, Makamo wa Kwanza wa Rais na mawaziri kwa mujibu wa viti. Mie naona lile ndo jambo la haki kubwa kupita yote tuliyofanya tangu vyama vingi virudi, na yaliyotokea 2015 uchaguzi kufutwa hayalipunguzii thamani.

Na hapo anaingia Othman Masoud. Maalim alipofariki Februari 17, 2021, chama chake ACT kikapeleka jina, na Machi Othman akaapishwa Makamo wa Kwanza. Jina lake halikuwa kwenye karatasi ya 2020, hakuna aliyempigia kura kwa kiti hicho. Mbona sikusikia mtu hapa Wete akisema hana uhalali? Kwa sababu watu walikiona kiti ni chao, kimetokana na kura zao, na aliyekikalia ametoka kwa waliowaamini. Na kabla ya hapo, 2019, Maalim alipokuwa bado CUF, mahakama iliposema Profesa Lipumba ndo mwenyekiti halali wa chama hicho, Maalim akaondoka na watu kwenda ACT, shusha tanga pandisha tanga, nilipita mwenyewe nikaona vijana wako juu ya ngazi wanaipaka ofisi ya tawi zambarau, jana ilikuwa rangi nyengine. Cheti cha uhalali kilibaki upande mmoja na watu wakaenda upande mwengine. Mahakama inaweza kukwambia mwenyekiti ni nani, haiwezi kukulazimisha umfuate.

Kwa hiyo ndugu yangu, kiongozi wa kuteuliwa na chama mie namkubali kwa masharti: wenye chama wawe wameweza kumkataa, na mie mwananchi nijue tarehe yangu ya kumkataa iko lini. Na la karibu zaidi tunaloweza kulidai leo bila kusubiri katiba mpya ni kwenye kura za maoni. Kituoni siku ya uchaguzi matokeo yanabandikwa mlangoni na kila wakala anapewa nakala, basi na kura za maoni zibandikwe vile vile, na kikao cha juu kikimkata aliyeongoza kiandike sababu na barua isomwe mbele ya wajumbe wale wale waliompigia. Nimelipeleka hilo kwenye vikao vyetu na nitaendelea kulipeleka. Wa vyama vyengine, na hasa nyie wa Bara, kwenu aliyeongoza akikatwa anaambiwa sababu? Naomba wenye uzoefu waeleze.