Re: Kurasa za katikati zinachomoka baada ya kujalidi

Umeuliza kwa nini kurasa za katikati zinachomoka wakati gundi imeyeyuka vizuri na karatasi umezigonga mezani. Mimi ningeanza na hewa kati ya karatasi, gundi baadaye. Karatasi zilizotoka kwenye printa hushikana kwa umeme tuli. Ukizigonga hivyo zinashuka kwa mafungu, na ile iliyobaki juu milimita moja tu haifikiwi na gundi. Shika rundo dogo, likunje kidogo, liachie, upepee kingo mpaka karatasi ziachane. Ndipo ugonge mgongo, yaani upande utakaopakwa gundi, kisha upande wa juu, halafu mgongo tena. Pande nyingine mbili usizihangaikie, zitakatwa mwishoni.

Kwenye mashine ya kujalidi, legeza kibanio, sukuma rundo liguse ukuta wa pembeni, libonyeze mpaka mgongo ukae wote kwenye bamba la chini, kisha kaza. Wengi hukaza kwanza halafu wanabonyeza, na hapo huwa wamechelewa. Kabla ya gundi pitisha kidole kwenye mgongo. Ukihisi ngazi hata ndogo, toa rundo uanze upya.

Kama bado zinapishana, kagua ukataji wenyewe. Geuza nusu ya rundo chini juu, migongo ikiwa pamoja, uangalie upande wa juu. Kingo zisipolingana, kisu hakikukata pembe mraba, na hakuna kugonga kutakakosaidia. Rudi kwenye gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi. Kitabu chako kina unene gani?