Maneno Hayasikiki, Milipuko Inaamsha Jirani: Majibu Kuhusu Risiva za Sinema ya Nyumbani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu risiva za sinema ya nyumbani, yaani mashine zinazopokea sauti ya runinga au king'amuzi na kuigawa kwenye spika, na karibu kila mwandishi anataka kuambiwa abonyeze kitufe gani ili sauti iwe nzuri. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa aliyeielewa hiyo atakuwa amejibiwa nusu ya maswali yake mengine.

Mhariri, ninaishi ghorofa ya tatu mtaani Umoja. Nina risiva, spika tano na sabufa moja. Tukitazama filamu usiku, waigizaji wakizungumza hatuwasikii, basi naongeza sauti. Punde gari likilipuka, watoto wanaamka na jirani wa chini anagonga dari lake. Nimejaribu mitindo yote ya sauti iliyo kwenye rimoti bila mafanikio. Nifanye nini? – Msomaji, Umoja

Ndugu msomaji, mitindo ya kwenye rimoti ni ya kuguswa mwisho, baada ya risiva kuelezwa ukweli kuhusu spika zako. Katika filamu iliyorekodiwa kwa mfumo wa 5.1, yaani wa spika tano na sabufa moja ya besi, maneno mengi hupitia spika ya kati, ile inayokaa chini au juu ya runinga, kwa hiyo uchunguzi na uanzie hapo. Ingia kwenye menyu ya spika uone risiva inaamini una spika zipi. Ikiwa inaamini spika ya kati ipo ilhali waya wake umechomoka, maneno yanatumwa mahali pasipo na kitu, nawe unabaki na muziki na mvumo wa mandhari. Asiye na spika ya kati kabisa aieleze risiva hivyo, nayo itayagawa maneno sawasawa kulia na kushoto, na aliyeketi katikati atayasikia kana kwamba yanatoka kwenye kioo.

Kisha itazame spika yenyewe. Katika sebule nyingi za Nairobi imesukumwa ndani kabisa ya rafu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na uso wake unatazama magoti ya watazamaji. Ivute hadi ukingo wa rafu, uiinue kidogo kwa mbele ili ielekee masikio, na kitambaa kitafutiwe kazi nyingine.

Menyu hiyo hiyo itakuuliza kama kila spika ni kubwa au ndogo. Swali hili limewapotosha wengi, maana halihusu kimo cha kasha. Risiva inataka kujua kama spika hiyo iachiwe besi yote au besi ihamishiwe kwenye sabufa. Chagua ndogo kwa zote tano, hata kama zile za mbele zinafika kiunoni, na mpaka wa kuhamisha besi uuweke kwenye hezi 80, kipimo ambacho THX, kampuni inayoweka viwango vya sauti za sinema, imekipendekeza kwa muda mrefu. Kama spika zako ni vile visanduku vidogo vinavyouzwa pamoja kama seti, upandishe mpaka huo hadi 120 au hata 150. Spika ya kati iliyotuliwa mzigo wa besi hutamka maneno kwa usafi zaidi, na amplifaya nayo hupumua.

Baada ya hapo ni umbali. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 hivi katika kila sehemu ya elfu ya sekunde, na risiva huichelewesha spika iliyo karibu ili sauti zote zimfikie msikilizaji kwa pamoja. Chukua futi ya fundi upime kutoka unapoweka kichwa hadi kwenye kila spika. Risiva nyingi huja na maikrofoni ya kujipimia zenyewe, nami nashauri itumike, ila isimamishwe kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, isishikwe mkononi wala kulazwa kwenye mgongo wa kochi, na kazi ifanywe saa ambayo matatu hazipigi honi chini ya dirisha. Ikimaliza, kagua ilichoandika. Mara kwa mara huziita spika za mbele kubwa. Zirudishe kuwa ndogo bila wasiwasi. Ikisema sabufa iko mbali kuliko ilivyo, iache ilivyosema, kwa sababu imehesabu pia ucheleweshaji unaotokea ndani ya sabufa yenyewe.

Kinachofuata ndicho kitakachokuondolea sehemu kubwa ya usumbufu, nacho ni kiwango cha kila spika. Washa mvumo wa majaribio ulio kwenye menyu, keti mahali pako, na rekebisha hadi kila spika ivume kwa nguvu ile ile. Kipimo kinachozoeleka ni desibeli 75. Programu ya kupimia sauti kwenye simu huenda isiseme kweli kuhusu namba hiyo, lakini kwa kulinganisha spika moja na nyingine inatosha. Zikishalingana, iongeze spika ya kati kwa desibeli 2 au 3. Mtu anayejali usahihi wa studio atanung'unika. Wewe una watoto waliolala.

Sasa ndipo tufike kwenye milipuko. Filamu hutengenezwa ikiwa na pengo kubwa kati ya mnong'ono na kishindo, na risiva inaweza kulipunguza pengo hilo kwa kipengele cha usiku, ambacho kwenye baadhi ya mashine kimeandikwa Night na kwenye nyingine DRC. Sauti ya Dolby Digital, mfumo unaotumika katika filamu nyingi, hubeba ndani yake maelekezo ya jinsi ya kubanwa, na kipengele hicho hutegemea maelekezo hayo. Ndiyo maana watu wengine hukiwasha na wasione tofauti: runinga yao imekwisha kuifungua sauti na kuituma kama PCM, yaani sauti tupu isiyo na maelekezo ndani yake, na maelekezo yamebaki nyuma. Nitalieleza hilo katika jibu linalofuata.

Kuhusu jirani, besi ndiyo inayopita kwenye zege. Punguza sabufa usiku na uiweke juu ya mpira mzito au sponji ngumu badala ya sakafu tupu. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo tangu mwaka wa 2009, lakini jirani anayegonga dari bado anaomba kwa upole, naye astahili kujibiwa hivyo hivyo. Zulia mbele ya kochi na pazia zito vitasaidia pia, kwa kuwa vigae na kuta tupu huyarudisha maneno hadi yakagongana.

Nikitazama taarifa ya habari ya saa moja kupitia king'amuzi, spika za nyuma ziko kimya kabisa. Fundi amesema zimeharibika. Je, ninunue nyingine? – Msomaji, Kahawa West

Usinunue chochote bado. Wakati wa mvumo wa majaribio, spika hizo zilivuma au hazikuvuma? Zikivuma ni nzima. Kinachobaki ni kujua sauti inayoifikia risiva ni ya aina gani, na kioo cha risiva au kitufe cha taarifa kitakuonyesha.

Vipindi vingi vya habari hutumwa kwa njia mbili tu, kulia na kushoto. Ili spika nyingine zifanye kazi, risiva inahitaji kuzitanua njia hizo mbili. Kazi hiyo ilianza zamani: Dolby Pro Logic ilitoka mwaka wa 1987, ya pili yake mwaka wa 2000, na tangu 2014 risiva mpya zina Dolby Surround, huku upande wa DTS, mshindani wa Dolby, ukiwa na Neural:X. Mitindo hii hulinganisha njia mbili. Kinachofanana pande zote mbili hupelekwa kwenye spika ya kati, na kinachopingana hupelekwa nyuma. Msomaji wa habari yuko sawa kulia na kushoto, basi sauti yake huenda katikati na nyuma panabaki kimya, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Ukitaka kuhakikisha mtindo unafanya kazi, ngoja mpira. Mtangazaji atabaki mbele na kelele za mashabiki zitakuzunguka.

Ukiona spika za nyuma ziko kimya hata kwenye filamu unayojua ni ya 5.1, tazama mipangilio ya sauti ya runinga. Ikiwa imewekwa PCM, runinga nyingi hutoa njia mbili tu. Ibadilishe iwe Auto au ile ya kupitisha sauti bila kuigusa. Waya wa HDMI lazima uchomekwe kwenye tundu la runinga lililoandikwa ARC au eARC, kwani matundu mengine hayarudishi sauti kwenye risiva. Waya wa mwanga, ule mwembamba wenye ncha inayowaka nyekundu, hubeba Dolby Digital ya 5.1 bila shida, ingawa haubebi mifumo mizito kama Dolby TrueHD.

Upo pia mtindo wa kupiga sauti ile ile kwenye spika zote. Huo ni wa sherehe, wageni wakiwa wametawanyika nyumba nzima. Ukiutumia kwa habari, msomaji atakuwa anakusemesha kisogoni.

Muuzaji wa Luthuli Avenue ameniambia kuwa risiva isiyo na Dolby Atmos haifai tena na kwamba filamu mpya hazitasikika. Ni kweli? – Msomaji, South B

Si kweli. Atmos, mfumo wa Dolby unaoongeza sauti za juu ya kichwa, iliingia kwenye kumbi za sinema mwaka wa 2012 na majumbani mwaka wa 2014, na filamu zilizotengenezwa kwa mfumo huo hubeba pia sauti ya kawaida ambayo risiva ya zamani huisoma. Utakachokosa ni sauti za juu ya kichwa. Ili uzipate unahitaji spika za ziada, ama darini ama zile zinazorusha sauti juu ili irudi chini, na hizi za pili hutaka dari bapa na gumu. Dari la zege la fleti linafaa. La mbao lililoinama halifai. Seti ya 5.1 iliyopangwa vizuri itaishinda ya 5.1.2, yaani yenye spika mbili zaidi za sauti za juu, iliyounganishwa haraka haraka, nami ningelitumia fedha hizo kwa spika bora ya kati.

Kwa nini risiva yangu huonyesha namba hasi, kama −35, badala ya kuanzia sifuri? – Msomaji, Ngara

Sifuri hapo ni kiwango cha ukumbi wa sinema, ambapo kila spika kuu huweza kufikia desibeli 105 katika vilele vya sauti. Hasi 35 maana yake uko desibeli 35 chini ya kiwango hicho. Hesabu hiyo huwa ya kweli tu ikiwa viwango vya spika vimepimwa. Ukipenda, menyu za risiva nyingi hukuruhusu kutumia namba za kawaida.

Mwanangu, mimi hupenda rumba na taarab za zamani. Mjukuu wangu ameweka mtindo wa ukumbi, na sasa waimbaji wanasikika kama wako ndani ya pango. Akiondoa anaweka Dolby Surround, na muziki wote unajikusanya kwenye spika moja. – Mzee, Pangani

Shikamoo mzee wangu. Masikio yako hayakudanganyi katika yote mawili. Mitindo ya ukumbi huongeza mwangwi wa kubuni. Yamaha iliianzisha katika DSP-1 ya mwaka wa 1986 kwa kutumia vipimo vilivyochukuliwa katika kumbi halisi. Rekodi tayari ina mwangwi wa chumba ilimorekodiwa, na ukiuongezea wa pili, maneno ya mwimbaji huzama.

La Dolby Surround ni tofauti. Rekodi nyingi za miaka ya hamsini na sitini ni za njia moja, kwa hiyo kulia na kushoto hulingana kabisa, na kama nilivyoeleza hapo juu, kinacholingana hupelekwa katikati. Mtindo unafanya kazi yake, ila si kwa muziki huo.

Mwambie mjukuu achague Stereo. Kipo pia Direct, ambacho husifiwa sana, lakini katika risiva nyingi huzima ugawaji wa besi, na sabufa ikanyamaza. Kama spika zako za mbele ni ndogo, utalikosa gita la besi ambalo ndilo uti wa rumba. Risiva nyingi hukumbuka mtindo uliotumika mwisho kwa kila chanzo, basi na ateue Stereo wakati muziki wako unapigwa kupitia chanzo chake chenyewe, kisha ahamie kwenye king'amuzi na kuteua mtindo wake wa mpira.