Upindo wa suruali: nyuzi zinaonekana nje

Pole, dada. Umesema cherehani yako ina mshono wa upindo uliofichwa (mishono kadhaa iliyonyooka, kisha mruko mmoja wa kushoto), lakini kila ukipinda suruali ya kitambaa, vitone vya uzi vinatokeza nje. Mara nyingi ni sindano inayong'ata kitambaa kingi mno.

Piga upindo pasi kwanza, ubane kwa pini. Geuza suruali ndani nje, kisha kunja upindo wote urudi chini ya kitambaa cha suruali, ukiacha ukingo wa nusu sentimita umechomoza kulia. Mishono iliyonyooka ipite kwenye ukingo huo; ule mruko wa kushoto uguse mkunjo tu, nyuzi moja au mbili za kitambaa. Ukigusa zaidi, punguza upana wa zigizaga, yaani wa mruko huo. Mwanzoni zungusha gurudumu kwa mkono uone sindano inapoangukia. Uzi uwe mwembamba, wa rangi ileile, sindano namba 11, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa hichohicho. Hatua hii usiiruke kabisa!

Shifoni na hariri mimi hupinda kwa mkono. Suruali ya suti ya gharama mpelekee fundi mwenye mashine maalumu ya upindo, kwani kuna vitambaa ambavyo matundu ya sindano hayafutiki hata ukifumua.