Rimoti nzima, gemu inagoma

SWALI: Nimenunua Wii iliyotumika (mashine ya gemu ya Nintendo), ikaja na rimoti moja. Gemu ya Wii Sports inacheza vizuri, ila Wii Sports Resort haitaki kuanza. Rimoti imekufa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Haijafa. Rimoti iliyotoka na Wii mwaka 2006 hupima mwendo kwa akselerometa, chipu inayohisi msukumo na uvutano wa dunia katika pande tatu. Inajua umerusha mkono. Namna kifundo kilivyozunguka inabahatisha. Resort inadai jairoskopu, yaani chipu ya kupima kasi ya kuzunguka.

Mwaka 2009 jairoskopu iliuzwa kando, ndani ya kifaa cha MotionPlus kinachochomekwa kitakoni mwa rimoti: dola 19.99 Marekani, juu ya 39.99 za rimoti. Mwaka 2010 ikaja Remote Plus, vyote ndani ya rimoti moja kwa 39.99 zilezile. Kwa hiyo tafuta Remote Plus, labda hicho kifaa uuziwe bei ya kutupa. Utaitambua kwa maandishi "Wii MotionPlus INSIDE" upande wa vitufe, karibu na nembo.

Gemu ikikuambia uilaze, ilaze kifudifudi mezani na usiiguse sekunde chache. Hapo chipu inajifunza sifuri yake; ukiishika inajifunza sifuri ya uongo. Pembe ya rimoti hupatikana kwa kujumlisha kasi ya kuzunguka, na kosa dogo nalo hujumlishwa, hasa chipu inapopata joto. Upanga wa kwenye gemu ukianza kupinda wenyewe, ilaze tena.

SWALI: Panya wamekata waya wa ile sensa ya Wii inayowekwa juu ya runinga. Ninunue nyingine? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Usiharakishe. Pamoja na jina lake, haihisi chochote: ni taa za infraredi tu (mwanga usioonekana kwa macho) kwenye ncha mbili, na waya unaleta umeme. Kamera inayoziona iko puani mwa rimoti. Moto nao hutoa infraredi, hivyo kwa kujaribu, washa mishumaa miwili iliyoachana sentimita 20 hivi, mbali na pazia. Kielekezi kikirukaruka, kagua dirisha lenye jua nyuma ya runinga.

SWALI: Padi ya Xbox ina sensa ya mwendo? – Msomaji, Kigali

JIBU: Ya kawaida ya Xbox Series haina, ingawa Marekani ilitoka kwa dola 59.99, bei ileile ya DualShock 4, padi ya PlayStation 4 ya mwaka 2013, ambayo inayo. DualSense, padi ya PlayStation 5, pia inayo. Nakala za bei rahisi zinaiga umbo na kuacha chipu, basi padi unayotaka kununua iunganishe na kompyuta yenye Steam, programu ya gemu, uone jairoskopu ikisoma kabla hujatoa hela.