Maswali ya Wasomaji: Safu ya Mbele Iliyobomoka Hujengwaje kwa Drafti?

Safari hii barua zimehusu futiboli ya Kimarekani, ligi ya NFL, na karibu zote zinalia na jambo moja: kwotabeki, mrushaji pasi wa timu, anayelala chini kila mara kwa sababu watu wa mbele yake hawamlindi. Kwa msomaji mgeni, safu ya mbele ya mashambulizi ina watu watano. Katikati yupo senta, anayeanzisha mchezo kwa kuurudisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Kulia na kushoto kwake wapo magadi wawili, na nje kabisa walinzi wa pembeni wawili. Drafti ni mchujo wa kila Aprili wa wachezaji wanaotoka vyuoni: raundi 7, klabu 32, na aliyemaliza vibaya zaidi huchagua kwanza.

Hongereni kwa kazi, ndugu wahariri. Timu yangu imemaliza karibu na mkia na kwotabeki wetu kijana ameangushwa msimu mzima. Tutachagua miongoni mwa kumi wa mwanzo. Wenzangu wanataka tuchukue watu wa safu ya mbele raundi tatu mfululizo. Ndiyo dawa?

Ndugu msomaji, kabla ya kuchagua mtu lazima ujue nani alikuwa analeta hasara. Chukua mikanda ya mechi zote na uiweke kila angusho kwenye kundi lake. Kuna angusho ambalo mlinzi mmoja alizidiwa na mtu wake, ana kwa ana. Kuna lile ambalo mabeki wa mbele wa wapinzani walipishana, mmoja akaingia ndani na mwenzake akazunguka nje, na walinzi wawili wakamfuata mtu yuleyule. Kuna lile la mkimbiaji mpira aliyesahau kumzuia mvamizi wa ziada. Na kuna lile la kwotabeki mwenyewe aliyekaa na mpira mkononi zaidi ya sekunde tatu bila kuamua. Kundi la kwanza ndilo hasa linalotibiwa na drafti. La pili hutibiwa na watu wawili kucheza bega kwa bega muda mrefu, na hapo kijana mpya huzidisha tatizo mwaka wake wa kwanza. La mwisho halitibiwi na mlinzi yeyote.

Ndiyo maana hatupendi watatu kwa mpigo, wote wakaanza Septemba ileile. Senta husoma mpangilio wa ulinzi na kutamka safu yote igeukie upande gani. Akikosea yeye, wanne waliobaki wanakosea naye. Senta mgeni akiwa katikati ya magadi wageni, wapinzani watawapishia watu kila mara hadi wajifunze, na somo hilo hulipwa na mbavu za kwotabeki.

Mpango tunaoupendekeza ni wa drafti mbili. Chaguo la juu liende kwa mlinzi wa pembeni, kwa sababu walio bora hawafiki sokoni: klabu zao huwapa mikataba mipya mapema. Gadi mmoja au senta mzoefu mnunue kwenye soko la wachezaji huru, ili pawepo mtu wa kuwaongoza vijana. Raundi ya pili au ya tatu mchukue mtu wa ndani, kisha raundi za mwisho mchukue mmoja wa kulea. Mwaka unaofuata mrudie, hata kama mnadhani mmeshapona.

Kansas City Chiefs ndio mfano wa haraka kuliko wote. Februari 2021 walifungwa 31–9 na Tampa Bay kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, wakiwa wamewakosa walinzi wao wote wawili wa pembeni kwa majeraha. Msimu uliofuata walianza na watu watano wapya kabisa: Joe Thuney alinunuliwa kama mchezaji huru, Orlando Brown alipatikana kwa kubadilishana na Baltimore, senta Creed Humphrey alichukuliwa raundi ya pili, chaguo la 63, gadi Trey Smith raundi ya sita, chaguo la 226, na Lucas Niang, chaguo la raundi ya tatu la mwaka 2020, akaanza pembeni kulia. Tazama mchanganyiko huo. Drafti iliwapa ujana na mishahara midogo, na Thuney akamsimamia Humphrey bega kwa bega.

Kama kuna klabu inayolililia chaguo lenu la juu, sikilizeni bei. Indianapolis Colts waliangushiwa kwotabeki mara 56 mwaka 2017, wengi kuliko klabu yoyote msimu ule. Machi 2018 walishuka kutoka chaguo la 3 hadi la 6 kwa kubadilishana na New York Jets, wakapewa machaguo ya raundi ya pili juu yake. La 6 likawa gadi Quenton Nelson. La 37, lililotoka kwenye biashara hiyohiyo, likawa Braden Smith. Msimu huo waliangushwa mara 18 tu, wachache kuliko wote. Haki isemwe: Andrew Luck alikuwa amerejea kutoka majeraha ya bega na alikuwa anautoa mpira haraka. Lakini pia Anthony Castonzo pembeni kushoto na Ryan Kelly katikati walikuwepo tayari, wote machaguo ya raundi ya kwanza ya miaka ya nyuma. Nelson na Smith waliingia kwenye safu yenye mgongo.

Kila nikisoma ripoti za drafti naona urefu wa mikono. Inchi moja inaweza kweli kumshusha mchezaji?

Inaweza, na mara nyingine kwa haki. Kwenye majaribio ya wachezaji wa vyuo yanayofanyika Indianapolis kabla ya drafti, mkono hupimwa kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa mlinzi wa pembeni klabu nyingi hutaka inchi 34, na chini ya 33 huanza kumfikiria kama gadi. Sababu ipo kwenye mgongano wenyewe. Anayemkimbilia kwotabeki kutoka pembeni huja kwa kasi na mikono imenyooka. Akikufikia kifuani kabla hujamfikia, kifua chako kinainuka, visigino vinagusa chini na unarudishwa nyuma hadi unamkanyaga kwotabeki wako mwenyewe. Ndani, nafasi ni finyu na mtu yuko karibu tangu mwanzo, kwa hiyo mkono mfupi hauonekani sana.

Hata hivyo kipimo hiki si hukumu. Rashawn Slater alipimwa inchi 33, akachaguliwa wa 13 mwaka 2021 na Chargers, na akawa mlinzi wa kushoto wa kiwango cha juu mwaka wake wa kwanza. Will Campbell alipimwa chini ya 33 Indianapolis, na New England bado walimchukua wa 4 mwaka 2025 na kumweka pembeni kushoto. Peter Skoronski, mwenye inchi 32 na robo, alihamishiwa ugadi na Tennessee mara tu walipomchukua mwaka 2023. Sisi tunaangalia miguu kwanza. Mwenye mkono mfupi anayefika mahali pake mapema na kurusha mkono mmoja mmoja, badala ya yote miwili kwa pamoja, hulipia pengo hilo.

Kipimo kinachopotosha zaidi ni kunyanyua chuma cha pauni 225 mara nyingi uwezavyo. Mwenye mikono mifupi anakipandisha njia fupi, kwa hiyo anapata namba nzuri kwa sababu ileile itakayomtesa uwanjani. Mbio za yadi 40 nazo zina maana ndogo kwa mtu wa pauni 310. Tazameni yadi 10 za kwanza: chini ya sekunde 1.8 ni dalili ya miguu myepesi.

Kwenye mkanda niangalie nini hasa? Mimi naona tu mlundikano wa watu.

Usiufuate mpira. Chagua mchezaji mmoja, tazama nafasi za tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10, zenye yadi nyingi zilizobaki, pale ambapo kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Hapo hana pa kujificha.

Anza na hatua ya kwanza ya mlinzi wa pembeni. Mguu wa nje urudi nyuma, wa ndani uufuate bila kuvukana. Miguu ikivukana hata mara moja, mpinzani mwerevu ataingia ndani na hakuna wa kumzuia. Kisha kiuno: akiinamia mbele badala ya kukunja magoti, ataanguka kifudifudi mpinzani akimvuta. Kisha mikono: ikitua nje ya mabega, ataitwa faulo ya kushika kila wiki. Na mwisho, jambo ambalo watu hulipita, tazama anafanya nini akishapitwa. Wapo wanaosimama kutazama. Wapo wanaogeuka na kumsukuma mtu ampite kwotabeki kwa nyuma. Wa pili anafundishika.

Jihadhari na vyuo vinavyocheza pasi za haraka mno. Kijana anaweza kumaliza msimu bila kuangushiwa kwotabeki kwa sababu mpira uliondoka kabla hajagusana na mtu. Hesabu ni mara ngapi alilazimika kurudi nyuma na kumshikilia mtu wake kwa sekunde mbili na nusu au zaidi. Ikiwa ni chache, unanunua usichokiona.

Mazoezi ya Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wanaomaliza vyuo, kule Mobile, Alabama, yanafaa sana, ila yale ya mmoja kwa mmoja yanampendelea anayeshambulia, maana mlinzi hana jirani wa kumsaidia. Tazama kama kosa la Jumanne limerudi Alhamisi.

Alicheza kushoto chuoni, sisi tunamhitaji kulia. Si kazi ileile?

Si ileile. Mguu wa kurudisha nyuma unabadilika, mkono wa kwanza kugusa unabadilika, nyonga inafunguka upande mwingine. Kuna wanaobadilika: Penei Sewell alikuwa wa kushoto Oregon, Detroit walimchukua wa 7 mwaka 2021, wakamjenga kulia na akawa kwenye kikosi bora cha kwanza cha ligi mwaka 2023. Kushoto walimrudisha kwa muda tu mwenzake alipoumia; kazi yake ilibaki kulia. Ubaya ni kumhamisha kulia, kisha ugadi, kisha kushoto kwa sababu mtu ameumia. Muda wa kurekebisha ni mdogo: mkataba wa ligi na chama cha wachezaji unaruhusu mazoezi 14 tu ya kuvaa kinga kamili ndani ya msimu, na kugongana hakujifunzwi kwa fulana.

Kwa hiyo chaguo la juu ni uhakika?

Hapana. New York Giants walimchukua Andrew Thomas wa 4 mwaka 2020. Alihangaika mwaka wa kwanza, wakamvumilia, na kufikia 2022 alikuwa kikosi bora cha pili cha ligi. Mwaka huohuo wa 2022 walimchukua Evan Neal wa 7, naye hakutulia pembeni kulia. Mwaka 2023 Thomas aliumia mechi ya kwanza, na Giants wakamaliza wameangushwa mara 85, idadi inayozidiwa na ile ya Philadelphia ya 1986 pekee, 104. Wapinzani humtafuta aliye dhaifu kati ya watano na kumshambulia yeye, kwa hiyo akiba ya sita na ya saba si anasa. Ligi yenyewe inalihimiza hilo: klabu inaruhusiwa wachezaji 48 siku ya mechi kama angalau 8 ni wa safu ya mbele, vinginevyo 47.

Wengine wanasema Cincinnati walithibitisha kuwa mpokeaji wa pasi ni bora kuliko mlinzi. Mnasemaje?

Mwaka 2021 walimchukua Ja'Marr Chase wa 5 wakati Sewell bado yupo, na Chase akawapeleka Super Bowl. Hatuwezi kuliita kosa. Lakini Joe Burrow aliangushwa mara 51 msimu ule, mara 9 katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee, na mara 7 kwenye fainali waliyopoteza 23–20. Ukimchukua mpokeaji juu, chaguo lako linalofuata liwe la safu ya mbele bila mjadala.

Raundi za mwisho zina mtu kweli?

Wapo, kama klabu ina mwalimu na subira. Philadelphia walimpata senta Jason Kelce raundi ya sita mwaka 2011. Alionekana mwepesi mno, ila mfumo wao ulihitaji senta anayekimbia. Mwaka 2018, raundi ya saba, chaguo la 233, wakamchukua Jordan Mailata, mchezaji wa raga kutoka Australia ambaye hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Hakucheza mechi yoyote hadi 2020. Kocha wa safu hiyo, Jeff Stoutland, alikuwepo tangu 2013. Trey Smith naye aliteleza hadi raundi ya sita kwa sababu ya historia ya damu kuganda kwenye mapafu, si kwa uwezo. Waulizeni madaktari wenu kabla ya kumfuta mtu.

Mikataba je? Naogopa tutawalea kisha waondoke.

Kila aliyechaguliwa husaini miaka minne. Wa raundi ya kwanza pekee klabu inaweza kumwongezea wa tano, na uamuzi hutolewa kufikia mwanzoni mwa Mei baada ya msimu wake wa tatu. Tangu mkataba wa 2020 wa ligi na chama cha wachezaji, ukishatamka ndiyo, fedha hiyo yote imehakikishwa. Ndiyo maana chaguo la 32 lina thamani kuliko la 33 zaidi ya tofauti ya namba moja.

Kuna mtego mwingine. Klabu ikitaka kumzuia kwa mwaka mmoja mchezaji aliyemaliza mkataba, watu wote wa safu ya mbele huhesabiwa kundi moja, kwa hiyo gadi hulipwa bei inayopandishwa na walinzi wa pembeni. Chiefs walimzuia hivyo Trey Smith mwaka 2025, kisha wakampa mkataba mrefu. Mkichukua watatu drafti moja, wote watatu watadai fedha mwaka mmoja. Watenganisheni kwa mwaka mmoja au miwili, na anzeni kuzungumza na aliye bora mara tu msimu wake wa tatu unapokwisha, maana kabla ya hapo sheria za ligi haziruhusu kumwongezea mkataba.