Nani Ataangalia Pumzi ya Mtoto Wako?

Binti yangu alikuwa na miaka mitano meno yake ya nyuma yalipoharibika, saba kwa mpigo. Mawili yalikuwa ya kung'oa, mengine ya kusafisha na kuziba. Tulijaribu ganzi ya kawaida mara mbili. Mara ya kwanza alimng'ata daktari kidole. Mara ya pili alilia mpaka akatapika. Daktari akaniambia kwa upole, "Mama, huyu tumlaze. Mlete Jumamosi, tunamchoma sindano ya usingizi hapa hapa, nusu saa tu tumemaliza."

Nilikubali, nikalipa na kianzio. Nikiwa kwenye bajaji kurudi Tabata ndipo swali likanijia: nani hasa atamlaza? Nikapiga simu. Dada wa mapokezi akasema daktari mwenyewe ndiye anayechoma, nesi anamsaidia. Nikauliza tena, daktari akiwa ameinama anahangaika na jino, nani anaangalia kama mtoto anapumua? Akanyamaza kidogo. "Wote tunakuwepo, mama."

Jumamosi ile sikumpeleka. Wakisema wote, ujue hakuna aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Ganzi inaua maumivu sehemu moja tu ya fizi, mtoto yuko macho na anakohoa mwenyewe kitu kikimkwama. Usingizi ni habari nyingine. Kipimo kilichokusudiwa kumtuliza kinaweza kumzamisha zaidi ya ilivyopangwa, na kwa watoto hilo hutokea kwa urahisi. Njia yao ya hewa ni nyembamba, ulimi ni mkubwa kwa kinywa chao, na oksijeni mwilini inawaishia haraka kuliko sisi. Sasa ongeza kwamba kazi yenyewe inafanyika humo humo kinywani, penye maji, damu na vipande vya jino, na huyo mtoto hana nguvu ya kukohoa.

Ndiyo maana mwongozo wa pamoja wa vyama viwili, cha madaktari wa watoto (American Academy of Pediatrics) na cha madaktari wa meno ya watoto (American Academy of Pediatric Dentistry), wa mwaka 2019 unataka mtoto akilazwa usingizi mzito au nusukaputi kwenye kliniki ya meno, wawepo watu wasiopungua wawili waliofunzwa kuokoa maisha ya mtoto: daktari wa meno, na mtaalamu wa usingizi ambaye hana kazi nyingine pale zaidi ya kumwangalia mgonjwa. Ni mwongozo wa Marekani, lakini mimi niliushika kama wangu.

Mtaalamu huyo ni nani hapa kwetu? Anaweza kuwa daktari bingwa wa usingizi, aliyemaliza udaktari kisha akasomea usingizi kama wanavyosoma pale Muhimbili. Anaweza pia kuwa muuguzi aliyesomea kazi hiyo, na msiwadharau, maana kwenye hospitali nyingi za wilaya wao ndio wanaowalaza wazazi wanaopasuliwa kujifungua. Uliza jina lake kamili na usajili wake: daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mwenye leseni haoni aibu kuionyesha.

Kisha muulize analaza watoto wa umri huo mara ngapi, na mara ya mwisho mambo yalipoharibika alifanya nini. Mmoja aliniambia hajawahi kupata tatizo hata siku moja. Sikurudi kwake. Niliyemchagua alinieleza habari ya mtoto aliyebanwa koo ghafla, hewa ikawa haipiti, na akanitajia hatua kwa hatua alichofanya, bila kupepesa macho.

Omba uone vifaa. Mimi niliomba, na hakuna aliyenifukuza. Mtungi wa oksijeni wenye mshale unaoonyesha umejaa, mfuko wa kupumulisha na barakoa ya saizi ya mtoto, mashine ya kufyonza, na kile kibanio cha kidoleni. Uliza pia kama wana kipimo cha hewa anayoitoa. Kibanio kinapima oksijeni ya damuni, na mtoto aliyewekewa oksijeni anaweza kuacha kupumua huku namba bado ikisoma vizuri kwa muda, lakini kipimo cha hewa inayotoka kinaonyesha mara moja. Na umeme ukikatika? Mashine ya kufyonza inayotegemea umeme inazima hapo hapo. Nataka kusikia jenereta, au kifaa cha mkono au mguu, na nani atatupeleka hospitali mambo yakiwa mabaya.

Lakini kilichonishawishi kuliko vyote ni maswali aliyoniuliza yeye. Anakoroma usiku? Ana pumu? Seli mundu? Kuna mtu wa ukoo aliyepata shida kwenye nusukaputi? Ametumia dawa gani, pamoja na za miti shamba? Akampima uzito kwenye mizani badala ya kuniuliza, kwa sababu dawa zinapigiwa hesabu kwa kilo. Nilipomwambia anakoroma sana, akamchunguza, akakuta nyama za puani. Akasema huyu asilazwe kliniki, apelekwe chumba cha upasuaji hospitali. Gharama ikapanda, na nikaomba zamu yangu kwenye mchezo wetu wa kuchangiana pesa ije mapema. Siku ilipofika binti ana mafua, daktari akaahirisha wiki kadhaa. Nilikasirika kwa nauli na ruhusa ya kazini. Leo namshukuru, maana njia ya hewa yenye mafua hubanwa kirahisi akiwa amelala.

Kuhusu kufunga, fuateni mnavyoambiwa. Sisi tulipewa: chakula chepesi mwisho masaa sita kabla ya kulazwa, chenye mafuta masaa manane kabla, maziwa ya mama masaa manne kabla, maji matupu masaa mawili kabla. Mwambie kila mtu nyumbani usiku huo huo. Bibi yake aliamka alfajiri akamchemshia uji kwa huruma, nikamkuta kijiko mkononi. Na kama ameshakula hata andazi moja, sema ukweli. Akitapika amelala, chakula kinaingia mapafuni.

Kazi ilichukua saa moja na nusu. Yule daktari wa usingizi alibaki pembeni mwa kitanda mpaka binti yangu akataja jina lake na kunywa maji. Wakati wa kutoka akaniambia, "Mama, usikae mbele na dereva. Kaa naye nyuma, kidevu kisianguke kifuani." Nikakaa nyuma, nimekiinua kidevu chake kwa vidole viwili kutoka Upanga, foleni yote ya Buguruni, mpaka mlangoni kwetu.